Chora bomba zako kwa ajili ya siku umeme umekatika: akwariamu ya matumbawe nyumbani Dar

Mtu akiniuliza akwariamu ya matumbawe inaanzia wapi simtajii samaki wala taa, namwambia chukua karatasi uchore maji yako yataenda wapi siku umeme ukikatika saa nane usiku na wewe umelala fofofo. Kwa sisi wa Dar hilo halina mjadala, umeme utakatika tu, iwe dakika tano iwe nusu siku, na mfumo wowote unaotegemea pampu isizime ni mfumo wa kumwaga maji ya chumvi sebuleni. Ya kwangu niliipanga kuanzia hapo na karibu kila uamuzi uliofuata, ukubwa wa sampu (tangi la pili la chini ambamo maji ya juu yanashukia na pampu inayarudisha), aina ya valvu, mdomo wa bomba la kurudisha ukae wapi, ulitoka kwenye hilo swali moja.

Tangi lenyewe ni sentimita 120 kwa 50 kwa 50, yaani lita 300. Nililinunua kwa jamaa aliyekuwa anahama nchi, akaniachia na vipande vyake vya matumbawe, mengi laini na magumu kidogo, yaliyokuzwa kwenye matangi, pamoja na karatasi za kuingizia nchini. Hizo karatasi nilizing'ang'ania kwasababu matumbawe magumu yote yako kwenye orodha ya pili ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, huwezi tu kuyahamisha kutoka nchi moja kwenda nyingine kama viatu. Na nikamuuliza swali ambalo kila anayenunua tangi lililotumika lazima aulize, umewahi kutibu samaki humu kwa dawa ya shaba? Shaba inaponya ukurutu wa samaki ila inaua matumbawe, kamba, konokono na kila kisicho na uti wa mgongo, afu inajificha kwenye mawe na mchanga ikitoka kidogo kidogo. Akasema hajawahi, tukamalizana.

Sasa hesabu, na hii naomba usiiruke. Kwenye tangi la 120 kwa 50 kila sentimita moja ya kina ni lita 6. Chini kwenye kabati nina sampu ya 90 kwa 40, kimo 40, hapo kila sentimita ni lita 3.6. Umeme ukikata pampu inasimama lakini maji hayasimami saa hiyo hiyo, yale yaliyo juu ya ukingo wa ovafloo, yaani pale maji ya tangi yanapomwagikia kwenda chini, yanaendelea kushuka, yaliyomo ndani ya bomba nayo yanashuka, na kubwa kuliko yote ni kwamba bomba la kurudisha linageuka saifoni, linaanza kunyonya maji ya juu kuyaleta chini mpaka mdomo wake upate hewa. Mdomo ukiwa sentimita 10 chini ya maji hizo ni lita 60, kwenye sampu yangu ni kupanda karibu sentimita 17, kwahiyo kama sampu ilikuwa na maji sentimita 24 tayari yako sakafuni. Mdomo ukiwa sentimita 2 ni lita 12 tu, hata huhangaiki. Ndo maana midomo yangu miwili iko juu kabisa karibu na uso wa maji, na kila mmoja nimeutoboa kitundu kidogo pale pale chini ya uso wa maji ili hewa iingie mapema. Kitundu hicho kinaziba, mwani unakipenda sana, mimi napitisha kijiti cha meno kila nikisafisha kioo.

Fundi bomba aliyekuja kunisaidia alitaka tuweke chek valvu, ile inayoruhusu maji kwenda upande mmoja tu, tumalize kazi. Ni fundi mzuri, na kwenye bomba la simtanki ushauri wake ni sahihi kabisa, ila maji ya bahari yana viumbe, kuna vijinyoo vinavyojijengea vibomba vya chokaa popote penye maji yanayotembea, kuna konokono wadogo, kuna chumvi inayoganda, kimoja wapo kikikaa kwenye mlango wa chek valvu haifungi tena na hutajua mpaka siku umeme umekatika. Iweke ukipenda, ila hesabu yako ipige kana kwamba haipo.

Upande wa pili wa hesabu watu wanausahau. Bomba la kushusha maji likiziba, labda konokono kaingia, pampu haijui, itaendelea kusukuma mpaka chumba chake ndani ya sampu kikauke. Chumba cha pampu yangu ni sentimita 20 kwa 40 na maji yanakaa kama 18, hizo ni lita 14 na kidogo, juu zinapandisha maji sentimita 2 na nusu hivi. Kwahiyo nimeacha zaidi ya sentimita 3 kati ya maji na ukingo wa kioo. Chumba kikubwa cha pampu kinavutia kwasababu hujazi maji mara kwa mara, lakini kila lita unayoiongeza pale ni lita inayoweza kupanda juu siku bomba limeziba.

Kwenye kushusha maji nilichagua mtindo wa mabomba mawili ambao wafugaji wanauita Herbie. Bomba moja limezama kabisa na lina valvu chini, unalikaba taratibu mpaka linabeba maji matupu bila hewa, hapo linakuwa saifoni kamili na halina kelele kabisa, bomba la pili mdomo wake uko juu zaidi na linakaa kavu likisubiri la kwanza lizidiwe. Kuna mtindo wa mabomba matatu, BeanAnimal, nao ni salama zaidi, kama tangi lako ni kubwa na nafasi ipo fanya huo. Ila hili la Herbie lina siri moja, umeme ukirudi bomba lina hewa ndani na lazima hewa itoke ndo saifoni ianze, kwahiyo mwisho wake kule kwenye sampu usizame sana, sentimita 2 au 3 chini ya maji zinatosha. Ukilizamisha sentimita 15 hewa haitoki, maji yanapanda mpaka bomba la dharura, na kelele yake utaisikia chumbani. La kwangu umeme ukirudi linagugumia kama dakika moja afu linanyamaza lenyewe hata nisipokuwepo.

Kutoboa kioo ili mabomba yapite, kwanza hakikisha sio kioo kilichochomwa kwa ugumu, yaani tempa, maana hicho ukikigusa na biti kinasambaratika chote, na matangi mengi kioo cha chini ndo cha namna hiyo. Ukuta wa nyuma mara nyingi ni wa kawaida. Biti ya duara ya almasi, maji yanamwagika muda wote, hukandamizi, unaiacha biti ikate yenyewe.

Haya tuje kwenye kununua vifaa, hapa ndo nilijifunza mengi. Konekta zilizokuja na tangi, zile za kupitisha bomba kwenye kioo, zilikuwa za Kimarekani za inchi moja, bomba lao la inchi moja kwa nje lina milimita 33.4. Ukienda dukani unapewa bomba la milimita 32 unaambiwa bosi hii ndo inchi moja. Ukilishika mkononi huoni tofauti, ukiliingiza linacheza kidogo, na gundi ya PVC haijazi nafasi, kazi yake ni kuyeyusha plastiki mbili zilizobanana ziwe kitu kimoja. Nilichofanya nikaziweka konekta za nje pembeni nikanunua konekta, elbo, na bomba vyote vya mfumo mmoja wa milimita, kwenye duka la vifaa vya mabwawa ya kuogelea, na hapo ndo nilipogundua hayo maduka ni dhahabu kwa kazi hii, wana yunioni, yaani viungo vya kufungua na kufunga bila kukata bomba, na valvu za PVC tupu ambazo Kariakoo nzima nilizunguka nikawa naonyeshwa za shaba. Wa vifaa vya umwagiliaji nao wanazo boli valvu nzuri. Ila kwenye lile bomba la saifoni tafuta geti valvu, boli valvu ukiigusa kidogo tu maji yanabadilika sana, geti unaizungusha robo, nusu, unasikiliza.

Fundi alikuwa amekuja na geti valvu ya shaba ya njano inang'aa, nzito, kaishika kwa fahari.

"Bosi hii hata wajukuu zako wataikuta. Hiyo plastiki mwaka mmoja tu."

"Fundi nakuelewa, ila shaba ikigusana na maji ya bahari inayeyuka na kuingia kwenye maji, na hawa wadudu wangu wanakufa."

Akaigeuza geuza akaniuliza, "Hata kidogo?" Nikamwambia hata nati moja ndani ya maji sitaki. Kuanzia hapo yeye mwenyewe ndo akawa mkali kuliko mimi, kila kifaa kabla hakijafungwa anachungulia ndani, akaikuta elbo moja yenye nyuzi za shaba zilizofichwa ndani ya plastiki, zile elbo za kufungia koki, mimi ningeweza kuipita. Basi kagua hizo elbo. Bomba la chuma lililopakwa zinki nalo hapana, na kleimpu za kufungia mpira zitafute za plastiki kwasababu hata zile zinazoitwa stenlesi nyingi zinapata kutu chumvi ikizizoea.

Kukata bomba kwa msumeno wa chuma, msasa kuondoa vinyweleo, unafuta vumbi, gundi nje ya bomba na ndani ya soketi, unaingiza huku unazungusha robo, unashikilia bila kuachia mpaka uhisi limekamata. Usilipime kwa macho, kwanza unganisha vyote bila gundi, chora mstari kwa maka peni ukivuka kiungo, ndo ugundishe. Penye kona tulitumia elbo mbili za nyuzi 45 badala ya moja ya 90 kila tulipoweza, kila kona kali inaila nguvu ya pampu. Na pampu yenyewe, ile namba kubwa kwenye boksi ni ya maji yasiyopanda popote, soma grafu uone kwa kimo chako inabaki ngapi. Mimi nilitaka tangi lipitishwe kwenye sampu mara 4 hivi kwa saa, haizidi hapo, mawimbi ya ndani ya tangi yana pampu zake.

Kabla ya kuingiza ndani tuliufunga mfumo mzima verandani tukaujaza maji ya bomba. Hapa tulikaa. Weka pimamaji juu ya tangi pande zote uone limekaa sawa. Kabati ni la mninga kwasababu mzigo unapita kilo 400 ukijumlisha mawe na vioo, na chuma kwa chumvi hakidumu. Tukawasha, tukazima, tukawasha, tukachora mstari kwenye sampu kuonyesha maji yanaishia wapi umeme ukiwa umezima, na mstari mwingine wa maji yanayoruhusiwa wakati inafanya kazi. Ile mistari miwili mpaka leo ipo. Tukaziba bomba la saifoni kwa makusudi na kitambaa tuone la dharura linabeba peke yake, likabeba. Konekta moja ilitoa jasho, sio tone, jasho tu, unapitisha tishu kavu kuzunguka kiungo ndo unaona. Ilikuwa mpira wa kuzuia umekaa upande wa nati, unatakiwa ukae upande wa kichwa. Veranda ililowa na hakuna aliyejali, ndo uzuri wa kufanyia nje.

Uchujaji, nitaupitia kwa mpangilio wa maji yanavyotembea. Yakishuka yanaingia kwenye soksi ya kuchujia, nazifua kila baada ya siku mbili tatu, ukiiacha wiki uchafu unaozea humo humo na naitreti, mabaki ya uchafu uliooza, inapanda, bora usiwe nayo kabisa kuliko kuwa nayo chafu. Afu skima. Wanaokaa ufukweni wanalijua povu la njano linalosukumwa pwani upepo wa kusi ukivuma, skima inafanya hicho hicho ndani ya kopo, vipovu vidogo sana vinabeba uchafu wa mafuta na protini vinaupandisha juu kabla haujaoza. Skima inataka kina cha maji kisichobadilika, kwahiyo chumba chake kimezungukwa na kioo cha kimo maalum na maji yanapungua kwenye chumba cha pampu peke yake. Na hapa umeme unarudi tena, ukikatika sampu inajaa, ukirudi skima inaanza kufanya kazi wakati maji bado yako juu, kopo linafurika na ule uchafu wote wa siku kadhaa unarudi majini. Suluhisho langu ni friji gadi, ile ile ya elfu kadhaa inayolinda friji, nimeifunga kwenye skima tu. Umeme ukirudi pampu inawaka kwanza, maji ya sampu yanashuka, baada ya dakika kadhaa ndo gadi inairuhusu skima. Sijaona kitu cha bei ndogo kilichonisaidia kama hicho.

Mzigo mkubwa wa kuchuja lakini unabebwa na mawe. Bakteria wanaogeuza amonia kuwa naitraiti na naitraiti kuwa naitreti wanakaa kwenye vitundu vya mawe, huwaharakishi, wiki nne mpaka sita tangi linakaa bila samaki na wewe unapima tu. Mawe yangu ni makavu, matumbawe ya zamani ya machimboni, jiwe lile lile lililojenga Lamu na Mji Mkongwe, mepesi na yana matundu kila mahali. Nililoweka muda mrefu nikibadilisha maji mpaka fosfeti ilipotulia. Kuvunja jiwe hai, yaani lenye viumbe vyake, baharini sikubaliani nalo kabisa, miamba ya hapa imeshapigwa na baruti, ikapauka kwa joto mwaka 1998, visiwa vya Mbudya na Bongoyo ni hifadhi tangu 1975, kuna faida gani kufuga matumbawe nyumbani kwa kubomoa yaliyobaki nje? Mwaka 1961 Lee Chin Eng wa Jakarta alieleza jinsi alivyofuga matumbawe kwa mawe hai na vipovu vya hewa tu, mtu wa pwani ya joto kama sisi, na alifaulu. Leo mawe makavu yakipata kipande kidogo cha jiwe kutoka tangi la mwenzako yanakuwa hai yenyewe.

Maji nachota baharini. Mara ya kwanza kwenda Kunduchi na madumu nilimkuta mzee mmoja anatengeneza wavu, nikamwamkia, akaitikia marahaba, akauliza ya nini. Nikamweleza. Akaangalia maji akasema, "Mwanangu, haya yanapwa, yanatoka na uchafu wa mto. Subiri bamvua, alasiri yakijaa, twende nje kidogo." Na ndo ninavyofanya mpaka leo, bamvua, yaani siku za maji makubwa, maji yanayojaa, kwa mtumbwi, nje ya mdomo wa mto, na masika sichoti kabisa kwasababu mvua inayapunguza chumvi na kuyachafua. Napima chumvi kwa refraktomita nataka 35 kwa elfu, nayahifadhi gizani na pampu ndogo siku kadhaa, yanapita soksi ndo yanatumika. Dumu la lita 20 la maji ya bahari ni kilo ishirini na nusu, tafuta kijana wa kukusaidia ngazi.

Maji yanayokauka ni matamu, chumvi inabaki, kwahiyo kila siku unaongeza maji yasiyo na chumvi yaliyochujwa, yangu yanatoka kwenye mashine ya RO, inayochuja maji kwa kuyasukuma kwenye utando, yenye kichujio cha mwisho cha resini, kipimo kinasoma sifuri. Usiongeze ya kisima, visima vingi vya Dar vina chumvi na madini yake. Kipindi cha Februari na Machi nyumba inachemka, nina feni mbili zinapuliza uso wa maji, zinashusha digrii 2 hivi, unyevu wa hapa hauruhusu zaidi, na kwa hizo digrii unalipa kwa kuongeza maji mara mbili kwa siku. Maji yakifika digrii 30 na hazishuki, tafuta chila, mashine ya kupoza maji.

Umeme ukikatika muda mrefu kinachoua kwanza ni kukosa hewa, sio joto. Betri yangu na inveta ndogo haviendeshi kila kitu, vinaendesha pampu moja ya mawimbi ya DC tu, inayotikisa uso wa maji, inakula wati chache na inakesha. Pampu ya kurudisha naiacha ilale, mistari miwili ya sampu imeshasema maji yataishia wapi. Nyaya zote zinashuka chini kwanza ndo zinapanda kwenye soketi, ili tone likiteleza kwenye waya lidondoke sakafuni, na soketi ziko nje ya kabati maana chumvi inatambaa hata pasipo na maji.

Kila baada ya miezi michache pampu ya kurudisha inapungua nguvu, chokaa inaganda kwenye rota, kile kipande kinachozunguka ndani. Hapa ndo yunioni mbili zinalipa, nafunga valvu, nafungua yunioni, pampu inatoka bila kukata bomba lolote, inalala kwenye siki iliyochanganywa na maji mpaka vipovu viishe, naisugua kwa mswaki, naisuuza kwa maji ya RO. Kurudisha funga yunioni kwa mkono, usichukue spana, oringi, ule mpira wa duara, ikiwa safi na imekaa kwenye mfereji wake mkono unatosha, spana ndo inayopasua.